Mito Miwili na Blanketi Katika Njia ya Wapagazi

Jumamosi ya mwisho katika mwaka huu. Mvua iliyoanza alfajiri imekatika saa nne, mtaa wetu wote wa Ipuli ni tope, na kumbikumbi wameingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Nimewatoa na kijiko, nimeinywa hivyo hivyo. Leo hakuna kitakachoniharibia siku.

Asubuhi nisingeandika sentensi hiyo.

Kwa wasionijua: naitwa Kabula, nina miaka thelathini na moja, na Desemba ya mwaka jana niliacha kazi ya ukarani ili nifanye kazi zangu mwenyewe za sanaa. Niliwaambia wazazi nikiwa nimesimama karibu na mlango, tayari kwa lolote. Baba alikuwa mkuu wa stesheni enzi zake, na mpaka leo anaendesha nyumba kwa ratiba. Hakukasirika. Alitafuta kalamu. Akaandika kwamba nimepewa mwaka mmoja. Jumamosi ya mwisho ya Desemba familia itakaa kikao, nitasoma ripoti, na kama sina cha kuonyesha, Jumatatu yake nakwenda Urambo kukaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Baba Mdogo.

Sina ugomvi na misumari. Ila najijua. Nikikaa nyuma ya kaunta ile nitazoea, na nikizoea sitatoka tena.

Sasa nikiri mwaka wenyewe ulivyokwenda.

Mwezi wa pili nilianzisha podikasti kuhusu njia ya zamani ya misafara. Nilirekodi nikiwa nimejifunika blanketi ili kuzuia sauti za majogoo wa jirani, na katika vipindi vyote vinne nasikika kama mtu aliyetekwa. Mama alisikiliza cha kwanza mpaka mwisho, kisha akaniletea maji ya tangawizi.

Mwezi wa tano nilichora ukuta wa saluni hapa mtaani. Mwenye saluni alitaka mwanamke mrembo aliyesukwa. Nikachora siku tisa. Nilipomaliza, kila aliyepita alisema nimemchora mama mkwe wake. Nilibisha, mpaka nilipomwona mwenye saluni mwenyewe anafungua mlango asubuhi huku amepiga goti kuuamkia ukuta bila kujijua. Wiki ile ile alinipa ndoo ya chokaa nikafute.

Mwezi wa saba na wa nane niliandika riwaya kwenye daftari kubwa. Nikaliweka chini ya kitanda lipumzike kidogo, kama washauri wa mtandaoni wanavyoelekeza. Mchwa walianza na sura ya kwanza, wakala mpaka katikati, wakaacha. Nimejitahidi kutolichukulia hilo kama maoni.

Ndipo Oktoba nikaamua kutengeneza filamu.

Babu wa babu yake Baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, kwa miguu, na nyumbani kwetu anatajwa kila mtu anapolalamika amechoka. Nikasema nitaigiza safari yake, mimi peke yangu, kwenye njia ya vumbi iendayo kijiji cha Ntalikwa, ambako Baba husema misafara ilipita. Nilijaribu kwanza na kilo ishirini za mchele. Niliishia bombani, hapo hapo mtaani. Basi nikakunja mkeka, ndani nikatia mito miwili na blanketi, nikafunga kamba. Kwa mbali ulionekana mzigo wa kuvunja shingo. Babu anisamehe.

Tatizo sikuwa na mpiga picha. Nilikuwa naisimamisha simu kwenye stendi yake ya miguu mitatu pembeni mwa njia, narudi nyuma, najitwisha mzigo, napita mbele ya simu kwa hatua za uchungu, natua, narudi kuichukua, naisogeza mbele, naanza upya. Asubuhi nzima.

Sasa litazame jambo hilo kwa macho ya watu wanaotayarisha mashamba yao. Mwanamke yuko peke yake, ana mkeka kichwani. Anakwenda. Anasimama. Anatua mzigo, anarudi alikotoka. Anageuka tena. Uso umekunjamana kwa mateso. Ntalikwa nzima ilikuwa imeshaelewa: huyu ameondoka kwa mume na bado hajaamua.

Mama mmoja akaacha jembe akaja kunishika mkono. Baadaye nilijua anaitwa Mama Nyanzala. Ni mjane aliyevuka miaka sitini, na sauti yake haihitaji kipaza sauti.

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae kivulini. Hapa hakuna wa kukukimbiza."

"Mama, mimi sina mume."

"Najua," akasema kwa upole. "Siku ya kwanza wote huwa hawana."

Yeye na wenzake wakanipeleka uani kwake. Wakaufungua mzigo ili wajue nimetoka na nini, na ile mito ilipoanguka, mama mmoja akashika kichwa: "Masikini wee! Kaondoka na mito tu!" Hapo ndipo nilipotakiwa kueleza kila kitu. Lakini walikuwa wameshamkamata kuku.

Nakiri mbele yenu. Nilimla kuku yule wa huruma, na ugali, na mchuzi nikaongezwa. Kila nilipofungua mdomo kueleza, nilijazwa chakula na mawaidha. Mchana balozi wa nyumba kumi akaniomba namba ya Baba, akampigia kumwambia binti yake yuko salama, amegombana tu na mumewe. Baba, ambaye hakuwa na habari ya mkwe yeyote, alijibu kwa sauti yake ya stesheni kwamba suala hilo litajadiliwa katika kikao cha familia, Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Kisha kwa wiki nzima akawa anachungulia vidole vyangu kama vina pete. Mama alichungulia tumbo.

Niliporudi nyumbani jioni ile niligundua jambo moja. Mtu fulani, kwa wema, alikuwa ameibeba simu yangu pamoja na stendi yake akaisimamisha uani, ikitutazama. Haikuwa imezimwa. Ilirekodi mpaka chaji ilipokwisha.

Na ndani yake kulikuwa na kitu kizuri kuliko vyote nilivyohangaika navyo mwaka mzima.

Nikakifungia. Wenyewe hawakuniruhusu, hata hawakujua. Ningetakiwa kurudi Ntalikwa kuwaomba, na kuwaomba kungekuwa kukiri kwamba yule kuku nilimla kwa udanganyifu. Niliona aibu. Oktoba ikaisha, Novemba ikaisha, mimi natafuta uso wa kurudi nao.

Basi leo saa nne na nusu kikao kikafunguliwa sebuleni. Baba mwenyekiti, saa yake ya mkono ameivua ameiweka mezani. Mama katibu. Baba Mdogo amefika kutoka Urambo na koti la bluu la duka, jipya, limekunjwa juu ya magoti yake. Saizi yangu kabisa. Nilisoma ripoti: podikasti, saluni, mchwa. Kila niliposoma Baba Mdogo alilainisha lile koti kwa kiganja.

"Kuna cha kuonyesha?" Baba akauliza.

Nikaigusa simu. Kilikuwepo mfukoni, na sikuwa na haki ya kukitoa.

"Mwangaluka!" mtu akaamkia nje kwa lugha ya kwetu.

Nilijua sauti ile kabla sijageuka. Mama Nyanzala, tope mpaka magotini, kashuka kwenye bodaboda na jogoo kwapani na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa ameitunza siku ya kikao tangu Oktoba, balozi alipoisikia kwa Baba. Amekuja kunitetea.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akamkaribisha kwa mazoea, akamwekea kiti. Sijui kama alijua alichokuwa anasema.

Mama Nyanzala akakaa, akakabidhi jogoo, akazungusha macho sebuleni. Yakatua kwa Baba Mdogo na koti lake.

"Ndiye wewe mume?"

Baba Mdogo alisema hapana kwa haraka ambayo sijawahi kuiona dukani kwake.

"Basi mwambieni huko aliko," Mama Nyanzala akasema. "Mtoto huyu nilimwona kwa macho yangu. Alikwenda akarudi, akakwenda akarudi, mara ngapi sijui, na jua lile. Mtu anayerudia kitu namna ile, anakipenda. Msimlazimishe kukiacha. Nimemaliza, naomba maji."

Hapo machozi yakanitoka bila utaratibu. Nikapiga goti nikamweleza yote: filamu, mpagazi, mito, simu iliyobaki macho. Na kuku. Nikamwambia sina mume, sijawahi kuwa naye, na nilichonacho ni picha zake yeye ambazo nimezificha kwa aibu. Nikamwomba radhi. Nikamwomba pia ruhusa.

Alimaliza maji aliyoletewa, akaweka kikombe chini.

"Kuku yule alikuwa mzee," akasema hatimaye. "Nionyeshe."

Tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukabanana. Kwanza ni mimi na mkeka wangu, nakwenda na kurudi. Baba Mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi na koti la duka. Kisha uani. Mama Nyanzala anajiona kwa mara ya kwanza akizungumza, anampiga Mama begani: "Mimi ndiye huyo? Mbona napunga mikono hivyo, nafukuza ndege?"

Halafu ikafika sehemu yenyewe. Anapukuchua mahindi, ananisimulia kwamba yeye naye aliwahi kuondoka. Alitembea na chungu kichwani mpaka karibu na reli, ndipo akakumbuka ameusahau mwiko wake. "Nikarudi kuufuata mwiko. Nikamkuta mwanaume anasonga ugali, mbichi, madonge matupu, na jasho linamtoka. Nikasema ngoja niusonge huu, halafu niende. Ndiyo nilikuwa bado nausonga mpaka juzi tulipomzika."

Kwenye simu, wanawake wote wanacheka. Sebuleni hakucheka mtu. Mama Nyanzala alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, midomo ikiyafuata maneno yake mwenyewe. Akaniambia nirudishe mara ya tatu. Akajifuta macho kwa pembe ya khanga, akasema kwamba habari ile hajapata kuwaambia hata wanawe, na sasa wataisikia. Akaniambia niionyeshe kwa yeyote ninayetaka, ila nikate pale anapojikuna.

Baba akachukua saa yake mezani. Nilidhani amechoka. Aliivaa taratibu, akafunga kishikizo, akakohoa kama zamani alipokuwa anajiandaa kutangazia abiria.

"Katibu, andika. Treni imechelewa. Haijafutwa."

Mama aliandika. Baba Mdogo akalikunja koti, akasema linahitaji kufuliwa hata hivyo.

Kwa hiyo Jumatatu siendi Urambo. Nakwenda Ntalikwa na simu yenye chaji kamili. Mama Nyanzala amesema kuna wanawake wengine wanne wenye habari za namna hiyo, mmoja alifika mpaka Kipalapala na kitanda. Kila mmoja nitamwomba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Na nitabeba kuku wawili. Deni la kuku mzee sitalilipa kwa maneno.

Sijui kama mwaka ujao nitafanikiwa. Najua tu kwamba nilitafuta mpagazi wa miaka mia na zaidi iliyopita, nikiwa nimebeba mito, na pembeni mwa njia ile ile walikuwepo watu wenye mizigo ya kweli wakinisubiri ninyamaze.

Alasiri nimemsindikiza Mama Nyanzala kwenye bodaboda. Tope lilikuwa limeanza kukauka. Alipokwisha kupanda akaniita karibu, akaangalia nyuma kama kuna anayesikia, akaninong'oneza.

"Sasa tuko wawili tu, mwanangu. Niambie kweli. Yule mume yuko wapi?"

Nikamwambia amechelewa. Hajafutwa.