Bao la Tano, Sebuleni Kwetu Garissa

Kwako Ruqiya, uliyekuwa mke wangu,

Daktari sasa ananipa dawa za kutuliza maumivu tu, kwa hiyo sina sababu ya kuendelea kuficha. Nilikuzulia uongo hadharani, na hadharani naufuta.

Kaka yako alituletea kutoka Nairobi ile mashine ya gemu, na kaseti ya mpira na rimoti mbili za waya. Wachezaji walikuwa vijisanduku vya rangi, wasio na sura. Mimi nilisoma kijitabu cha maelekezo chote. Wewe hukukigusa, na kila alasiri ulinifunga.

Siku walipokuja walimu wenzangu wawili, ulinifunga manne. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, leo bibi anakusahihishia daftari." Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nami, kama wanaume wetu wanaoapa kwa talaka hata wakibishania bei ya mbuzi, nikaapa: "Ukinifunga lingine, umeachika."

Ulinitazama. Mpira ulikuwa na mtu wako, goli li wazi. Ungeweza kupiga nje. Hasira ya bao lile bado ninayo, sitakudanganya.

Sheikh alisema hiyo ni talaka moja, naweza kukurejea kabla eda haijaisha, na neno langu moja linatosha. Ukakaa eda chumba cha pili, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nikikusikia ukicheza peke yako dhidi ya mashine. Ukaja mlangoni kwangu mara moja tu.

"Mwalimu, nikikuachia ushinde leo, utalisema lile neno?"

Nikakujibu kwamba sitaki kuachiwa.

Eda ikaisha. Kaka zako walipokuja kukuchukua kwenda Wajir, niliwaambia nilikuomba urudi ukakataa. Wakakukaripia mbele yangu kwa kiburi ambacho hakikuwa chako. Hukunikanusha. Ulijitanda mtandio, ukapanda gari. Mji ukakuita mwanamke aliyeacha ndoa kwa ajili ya mchezo, nami nikapokea pole za watu miaka yote hii, nikizijibu kwa unyenyekevu.

Ruqiya, sikukuomba urudi hata siku moja. Wewe ndiye uliyeomba. Anayesoma haya na anawajua kaka zako, awafikishie kabla sijazikwa, wasije wakaniombea dua kama mtu aliyedhulumiwa.

Aliyekuwa mumeo