Gari la Mbio Lililotengenezwa kwa Kipimo Chako

Kaka yangu Sefu,

Mungu akurehemu. Binti yako alinipigia simu kutoka Mtwara akaniambia wamekwisha kukuzika. Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele uliokuwa kwenye ungo. Sikulia siku ile. Wajukuu wangu waliniuliza huyo kaka alikuwa nani, maana hawakuwahi kukuona. Niliwaambia alikuwa fundi bodi wa Mocímboa da Praia, na aliwahi kutengeneza gari la mashindano ambalo mfano wake haukuwepo popote. Walicheka. Mkubwa wao akasema, "Bibi, Mocímboa na magari ya mashindano wapi na wapi?" Basi nimeona niandike, wao wasome, na wewe nikuambie mambo ambayo sisi wawili hatukuwahi kukaa tukayazungumza.

Senhor Vidal, yule Mreno wa shamba la katani njia ya Mbau, alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, na akili yake yote ilikuwa kwenye magari. Katani ilimlisha, lakini hakuipenda. Alileta kwa meli fremu ya mabomba ya chuma, nyembamba kama mtumbwi, na injini iliyotolewa kwenye gari lililopinduka mashindanoni huko kusini. Akakuita ghalani kwake akakutandazia michoro. Ulirudi nyumbani jioni ukatueleza mimi na Mama kwamba injini ya gari hilo itakaa nyuma ya dereva, na dereva atakuwa karibu amelala, miguu mbele, mgongo inchi chache kutoka ardhini. Halitakuwa na mlango wala taa. Mama akauliza mtu ataingiaje. Ukasema, "Kama anavyoingia kwenye suruali." Mama hakucheka, lakini mimi nilicheka.

Dereva alitakiwa awe mpwa wa Senhor Vidal aliyekuwa Beira, kijana mwembamba. Kwa kuwa yeye alikuwa mbali, na wewe na yeye mlilingana kimo, vipimo vyote vilichukuliwa mwilini mwako. Kiti hakikusogezwa mbele wala nyuma, wala pedali hazikusogea, ili gari lisibebe chuma kisichokuwa na kazi. Ukalala kwenye fremu, Senhor Vidal akachora mstari wa chaki mabegani mwako, magotini, na mahali ngumi zako zilipofika ulipoinyoosha mikono.

Kisha zikaja zile wiki za kugonga. Ulilaza bati la alumini juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, ukaligonga kwa nyundo ya mti, taratibu, likaanza kupinda lenyewe kama jani linaloungua. Ulikuwa ukiyaleta nyumbani mapande mengine ukayamalizie uani, na Mama alikuwa akisema kelele zile zinamwingia kwenye meno. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, nina cherehani yangu ya mkono, nashona magauni na kanzu. Ndipo ukanipa kazi ya kiti. Nilishona ngozi juu ya turubai, sindano zikinivunjikia, na wewe ukawa unakuja kujaribu.

"Inakubana wapi?" nilikuuliza.

"Mbavuni. Acha hivyohivyo. Ikinishika vizuri sitayumba kwenye kona."

"Kwani utaliendesha wewe?"

Ulipitisha kidole kwenye mshono. "Huyo wa Beira," ukasema. "Yeye ndiye asiyumbe."

Vita vilikuwa vimeanza bara, upande wa Mueda, na vilikuwa vikiteremka kuja pwani. Njia zilitegwa mabomu, malori ya katani yakawa yanatembea nyuma ya magari ya jeshi. Vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakipotea mmojammoja, na sote tulijua wamevuka Ruvuma kwenda kwa wapigania uhuru, ila hakuna aliyelitamka. Mpwa wa Senhor Vidal akachukuliwa jeshini. Mtu mwingine angelifunika gari turubai na kusubiri. Senhor Vidal hakusubiri. Alizungumza na kamanda wa kiwanja cha ndege, rafiki yake wa kucheza naye karata, akaruhusiwa kwa mdomo kulijaribu gari asubuhi ambazo ndege hazikutazamiwa. Mahali pengine penye lami ndefu iliyonyooka hapakuwepo. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kuingia hata nyonga moja, aliyeliendesha ulikuwa wewe.

Mara ya kwanza kukuona ukiliendesha nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, na buibui langu limejaa vumbi. Sikuona gari. Niliona kitu cheupe kinachong'aa, kisha kikanipita, kisha ndipo mlio ukaja. Kichwa chako peke yake kilionekana, kama kimekatwa na kuwekwa juu ya sinia. Sikulipenda gari lile, Kaka. Lakini uliposhuka ulikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, wala baadaye sikuuona tena, hata siku ya harusi yako.

Kosa halikuwa la mtu. Senhor Vidal alisafiri kwenda Porto Amélia kutafuta matairi. Siku zilezile kamanda aliyetoa ruhusa akahamishwa, na hakuacha neno. Wewe ulitaka kujua mahali pa kukanyaga breki, basi asubuhi moja mimi na wewe tukachora mistari ya chokaa kukata lami, mimi nimeshika ndoo, wewe ufagio. Nikarudi nyumbani kupika. Kabla wali haujaiva, jirani akaja kuniambia wamekuchukua. Walikuwa wameiona mistari ile, wakasema ni alama za kuwaonyesha turra mahali pa kulenga. Turra ndilo jina walilowaita wapigania uhuru, na aliyeitwa hivyo hakuwa na mtetezi.

Siku ya pili Mama akaniambia, "Nenda kwa mke wa Mreno." Sikuwahi kuingia katika nyumba ile kwa mlango wa mbele. Dona Celeste alinikuta barazani. Alijua Kiswahili cha jikoni, mimi nilijua Kireno cha sokoni, tukaelewana hapo katikati. Nilimweleza. Akasema, "Hilo gari limekula nyumba yangu. Sasa linataka kula na watu." Akaenda kuvaa viatu.

Kituoni kwa polisi alikuwako mkuu wao, wale tuliokuwa tukiwaita chefe, mtu mdogo wa mwili, msafi sana. Alimpa Dona Celeste kiti. Mimi nilisimama.

"Nani amechora ile mistari?" aliuliza.

"Mimi na kaka yangu," nikasema.

"Kwa ajili gani?"

"Ajue pa kukanyaga breki."

Akamgeukia Dona Celeste akatabasamu. "Senhora, huyu ananiambia mweusi anajaribu gari la mashindano."

"Asipojaribu yeye ajaribu nani?" Dona Celeste alisema. "Mume wangu umemwona alivyo. Unadhani anaingia mle?"

Askari aliyekuwa mlangoni akakohoa ili asicheke. Nadhani kilichokuokoa ni kile kikohozi. Yule chefe hakupenda kuonekana mjinga, akasema basi tutaona. Kama gari lile linasimama kwenye mistari kama tunavyodai, atakuachia. Kama halisimami, Dona Celeste arudi nyumbani na asije tena pale.

Walikutoa. Mikono yako ilikuwa imevimba kwa palmatória, ule ubao wenye matundu waliokuwa wakipigia viganja. Vidole vilikuwa vimenenepa, vyekundu, havikunjiki. Uliniona, ukaangalia pembeni.

Kiwanjani askari walikuja kama wanaokuja kutazama mpira. Gari lilikuwa palepale ulipoliacha. Uliingia polepole, miguu kwanza, ukauweka usukani katikati ya viganja viwili bila kuushika, kama mtu anayebeba bakuli la moto. Injini ikawaka. Ukaondoka mpaka mwisho wa kiwanja, ukageuza, ukaja. Ulipofika kwenye mstari nilisikia matairi yakilia, na gari likasimama palipotakiwa, pua yake haijavuka mstari wa mwisho. Yule chefe alitazama mistari, akakutazama, akaitikia kwa kichwa. Askari wengine wakapiga makofi.

Jambo lilikuwa limekwisha. Wewe hukushuka. Uligeuza gari ukarudi tena mwisho wa kiwanja, na hakuna aliyekuamuru. Dona Celeste aliniuliza, "Anafanya nini?" Nikasema sijui, na kweli sikujua. Ulikuja mara ya pili kwa kasi ambayo hata mimi, nisiyejua magari, niliifahamu kuwa si ya kupimwa. Ulipita mstari wa kwanza hukukanyaga. Ukapita wa pili. Askari walianza kurudi nyuma. Yule chefe hakurudi, labda kwa ubishi. Gari lilisimama mbele yake, karibu, moshi wa matairi ukampita miguuni na kuipaka suruali yake vumbi jeusi. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Ulishuka, ukasema kwa Kireno, kwa adabu, "Breki ni nzuri, senhor chefe."

Nilidhani tumekwisha. Alikutazama sana. Kisha akajipangusa suruali akasema, "Futeni hiyo chokaa," akaondoka.

Miaka mingi baadaye, nilipokuja Mtwara kukutembelea, nilikuuliza kwa nini ulirudia. Ulikuwa unakula ukaacha kula. "Nilijua siliendeshi tena," ukasema. "Nikataka nijue lina mbio kiasi gani." Kisha ukaendelea kula.

Wiki ile ya kiwanjani hukuipitisha. Ulimbusu Mama mkono, ukamwambia unakwenda kijiji cha Mute kumtazama rafiki mgonjwa, na Mama akakufungia mihogo ya njiani. Alijua. Ulipokwisha kuondoka alikaa uani mahali ulipokuwa ukigongea bati, akawa anaokota vipande vidogo vya alumini kwenye mchanga, anavitia kwenye kibati. Nilimwambia aache. Akasema vitamkata kuku miguu.

Senhor Vidal alirudi na matairi yake. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, jambo ambalo Wareno hawakulifanya, akauliza, "Sefu yuko wapi?" Nikasema sijui. Akasimama pale, kofia mkononi. Akaniuliza kama ningeweza kufumua kile kiti ili mtu mwingine aingie. Nilimwambia ngozi ikifumuliwa haishonwi tena. Hiyo haikuwa kweli, na nadhani alijua, lakini alishukuru akaenda zake. Gari lilibaki ghalani. Halikwenda Beira wala kusini, wala halikushindana na gari lolote. Vita vilipozidi Dona Celeste alipanda ndege, na baadaye mumewe akamfuata. Katani ikaota pori. Mafundi wakaingia ghalani wakakata bodi uliyogonga, wakaiyeyusha, wakatengeneza sufuria, maana watu walikuwa hawana vya kupikia. Siwalaumu.

Mama hakukuona tena. Barua hazikuvuka ule mto, wala habari zako hatukuzipata, ila mara moja mtu alisema yuko Sefu anayeendesha malori ya wapiganaji upande wa Newala. Mama alikamata neno hilo. Gari la askari likipita njiani alikuwa akinyamaza kusikiliza, kisha anasema, "Si yeye. Yeye hatii gia namna hiyo." Alikufa kwa homa, mvua zinaanza, na nilimzika mimi na majirani.

Ulirudi bendera ilipokwisha kubadilishwa. Ulikuwa na koti la kijani na vidole viwili visivyonyooka. Nilikuambia mlangoni kwamba Mama hayupo. Uliitikia, ukanywa maji, kisha ukasema unakwenda shambani kwa Vidal. Nilikufuata nina hasira. Fremu ilikuwa bado ipo, chuma kitupu, kutu imeila. Uliingia ukalala mle ndani, juu ya mabomba, ukaweka mikono mahali ulipokuwa usukani. Mimi nilisimama mlangoni nikisema moyoni, mama yake yuko udongoni, na yeye amekuja kusalimia chuma. Nilikaa na hasira hiyo miaka mingi. Siku hizi siioni tena. Nadhani ulikuwa unatafuta mahali pa kuanzia, na kule ndiko kulikokuwa kwepesi.

Ulikaa mle muda mrefu. Kisha ukaniambia bila kugeuka, "Nionyeshe alipolala."

Tukaenda kaburini. Ulisoma dua, ukachutama, ukaanza kung'oa majani kwa vidole vyako vile vibovu. Niliinama nikusaidie ukanizuia kwa mkono. Ulipomaliza pakabaki udongo mtupu, ukaniuliza, "Aliniulizia?"

Nikakuambia, "Hakuacha."

Ndipo ukalia, na mimi nikasogea kando nikakuacha.

Sasa ninakaa Pemba, ile Porto Amélia ya zamani, kwa mwanangu. Mocímboa tulitoka kwa kukimbia vita hivi vipya, kama wengine wote, na sijui kaburi la Mama liko katika hali gani. Mpaka uko pale ulipo, nami miguu yangu si ile ya zamani. Lakini binti yako ananiambia njia za baharini zikitulia atakuja kunichukua. Nimemwambia sawa. Nimemwambia pia nikifika Mtwara asinikaribishe ndani, asinipe maji, asinionyeshe wajukuu. Anipeleke kwako kwanza.

Lala salama, kaka yangu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zainabu