Samaki Niliyemwapia Mgeni Amchukue

Bibi Badriya mpendwa, naomba unisaidie, na kama ni kunicheka basi unicheke ukishamaliza kusoma, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nina wajukuu, na wiki ya pili sasa chakula hakinipiti kooni kwa ajili ya samaki.

Mimi na Meshari, mtoto wa ami yangu, tumejifunza kufuga samaki wa maji chumvi kwa marehemu baba yake, na kila mmoja ana tangi la vioo katika baraza lake la wageni hapa Kuwait, lakini mimi nafuata alivyotufundisha ami, samaki mpya hukaa karantini wiki sita kwenye tangi la peke yake ndipo aingie kwa wenzake, na Meshari anamnunua asubuhi na jioni wageni wanamwona akiogelea. Ananitania mbele za watu, "Wewe binamu, nyumba yako uwanja wa ndege? Kesho utawadai pasipoti!" na watu wanacheka, nami nacheka huku naungua, kwa sababu hajawahi kufiwa na samaki hata mmoja, na wageni wangu wamehamia kwake mmoja mmoja kuangalia wapya, hata Alhamisi, siku yangu ya baraza, nikabaki na rafiki yangu Bu Salah tu, na Bu Salah mwenyewe alibaki kwa kuwa goti lake haliziwezi ngazi za kwa Meshari.

Basi nikanunua samaki wa Bahari ya Shamu, buluu yote na mwezi wa manjano ubavuni, nikasema huyu atawarudisha watu. Siku ya tisa ya karantini nikamwona ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Siku hiyohiyo Meshari akaja kunisalimia, akaingia mpaka chumba cha nyuma, akasema, "Mashallah, binamu, huyu ni bwana harusi!" Nami kama ilivyo desturi nikamwambia, "Ni wako," naye akajibu kama ilivyo desturi, "Kwa mwenyewe anapendeza zaidi," na katika kukaribishana pale nikaapa, nikamtia kwenye mfuko wa maji, akamchukua.

Sasa ni siku ya kumi na moja tangu amchukue, kwake wamekufa wawili, na yule samaki mkubwa tunayemwita Mzee, aliyelelewa na ami kwa miaka kumi na minane, anahema juujuu, na Meshari analia wazi mbele za watu kama mtoto. Na wote wanasema ni jicho la husuda, kwa kuwa Bu Salah siku moja alijikokota akapandishwa kule, akasifu tangi akasahau kusema Mashallah. Alhamisi iliyopita Bu Salah hakuja kwangu. Kaona haya kukanyaga baraza la mtu yeyote.

Bibi, ninyamaze, maana mimi nilitoa kwa heshima tu na yeye ndiye asiyetaka karantini, au niseme na nipoteze jina? Na kweli nakiri, walipokufa wale wawili nilifurahi kidogo.

Mwenye baraza tupu, Kuwait

JIBU

Mwenye baraza tupu, kucheka nimecheka kidogo tu, pale kwenye pasipoti. Baada ya hapo uliniudhi.

Wivu naujua, na kuachwa na wageni kunauma, hasa mtu anapofanya kazi yote sawasawa na sifa zikaenda kwa mzembe. Hapo nakuonea huruma kabisa. Lakini ukaandika "katika kukaribishana pale nikaapa", ukalipitisha haraka ukidhani sitaliona. Sisi wote tumekua na desturi hii. Kusema "ni wako" ni adabu, na Meshari alirudisha adabu yake kama alivyolelewa. Mambo yangeishia hapo. Ukishaapa Wallahi lazima achukue, unamfungia mlango, maana akikataa anakuvunjia kiapo. Kwa hiyo hakuchukua, bwana. Ulimbebesha, na mfuko ukaujaza maji wewe mwenyewe, ukiviona vile vidoa vyeupe.

Nimemuuliza daktari wa samaki. Anasema vidoa vile ni vijidudu, vikishiba hudondoka, vinazaliana mchangani na kurudi kwa mamia, na ndiyo maana ya zile wiki sita zako. Ulikuwa na haki, na Meshari amebahatika miaka yote kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. Ungemwacha tu, siku moja angejifunza kwa samaki wake mwenyewe. Wewe hukuwa na subira ya kusubiri.

Samaki wote watolewe leo, Mzee wa kwanza, waingie kwenye tangi lako la karantini, ulihamishie kwake, na kama halitoshi azima jingine. Watiwe dawa ya shaba kwa kipimo, wiki nne. Dawa hiyo isimwagwe kwenye tangi kubwa, itaua matumbawe na kamba. Tangi kubwa likae bila samaki miezi miwili na nusu, hata Meshari akinung'unika. Kazi ya kila siku ni yako, kubadilisha maji na kupima dawa, nyumbani kwake.

Kusema utasema, na si pembeni kwa sauti ya chini. Bu Salah alisingiziwa mbele ya watu, atasafishwa mbele ya watu walewale. Meshari atakutukana, na utanyamaza mpaka amalize. Huenda asikusamehe. Mzee naye huenda asipone, hilo siwezi kukuahidi.

Barua yako nimebadilisha majina, ila samaki na ngazi sikuweza kubadilisha, na gazeti hili linasomwa kwa Meshari pia. Jibu hili nakutumia leo kabla halijachapishwa; una mpaka kesho asubuhi, gazeti litakapotoka.

Usiende peke yako. Pita kwanza kwa Bu Salah, mwambie yeye kabla ya wote. Kisha mpe bega lako, mpande zile ngazi pamoja taratibu, na goti likimuuma msimame naye hapohapo, hata kama ni kila ngazi.