Alama za Muswada wa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Muswada wa kumi na tatu nimeumaliza. Binti mwema, kaka mlevi, mwisho wote wanaokoka. Mh! Riwaya ya vijana siyo mahubiri. Alama ndogo. Majina ya waandishi yamefichwa, sisi waamuzi wa tuzo tunaona namba tu. Afadhali, ningewatafuta niwachape.

Jumanne, 4 Machi
Wa kumi na nne ni moto. Kijana wa miaka kumi na saba yuko ndani ya duara, shimo la dhahabu huko Geita. Limetitia. Anasimulia mwenyewe, gizani. Hana maneno makubwa. Nimesahau kupika.

Mdogo wangu Masanja alifukiwa duarani. Kumi na saba. Sikupenda kukumbushwa.

Jumatano, 5 Machi
Ukurasa wa sitini na moja. Wachimbaji wanagonga bomba mara tatu, wanasikiliza. Ndiyo desturi. Kisha neno ni la ndugu: chimbeni, au fungeni. Kitabuni ndugu ni dada mtu. Kanga ya kijani, kandambili moja imekatika. Anasikia chini kunajibu. Anasema ni mawe yanakaa sawa. Fungeni.

Kanga yangu ilikuwa ya kijani. Kandambili ilikatika. Na nilisikia.

Sijamwambia mtu. Hata padri. Niliogopa wengine wangefia humo wakimfukua. Na nilikuwa nimechoka, nilitaka yaishe. Hilo la pili ndilo baya.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nane mchana, jua la hapa kwangu Ngokolo linawaka. Ngo, ngo, ngo, chini ya sakafu. Nikamuuliza jirani, Mama Neema, kama anatwanga. Ndiyo kwanza anatoka sokoni. Kanicheka: "Mwalimu, vitabu vitakutia wazimu!" Sikucheka.

Nimeupa muswada alama ndogo. Ukishinda utachapwa, watausoma shuleni, Mayu atasikia. Mama yangu huyo anajua Masanja alikufa papo hapo. Mimi ndiye niliyemwambia.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao cha waamuzi, Kahama. Mwenyekiti anataka kitabu chenye matumaini, vijana wasitishwe. Ningenyamaza tu, yangeisha. Nikashindwa. Nikasema kijana anajua ukimdanganya. Kinachostahili tuzo ni kile kinachomheshimu, kinachomwonyesha jambo zima na kumwachia ahukumu mwenyewe. Kumbe nabishana na nafsi yangu. Nikafuta alama zangu mbele yao, nikaandika za juu kabisa. Kisha tukapiga kura.

Umeshinda kwa kura moja. Yangu.

Jumanne, 11 Machi
Bahasha imefunguliwa. Mwandishi ni binti wa miaka kumi na tisa, wa Kalangalala, hukohuko Geita. Nikampigia. Akaniamkia shikamoo, nikasahau kuitikia. Nikamuuliza habari za yule dada kapewa na nani.

"Hakuna mtu, Mwalimu. Nilitunga tu."

Na kanga?

"Nilimwona hivyo."

Nikakata simu. La kuvunda halina ubani, nitakwenda nyumbani.

Jumapili, 16 Machi
Ushirombo, kwa Mayu. Hajui kusoma, nikamsomea. Nilipofika kwa yule dada nikamwambia ni mimi, na kwamba nilisikia.

Hakulia. Hakunitukana. Kuku walikuwa wanakula mahindi tuliyoanika, hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, "Rudia pale mwanangu anapoongea."

Nimerudia mpaka sauti imekauka. Bado amekaa pale uani, anasubiri ninywe maji niendelee.