Taya Lililobana Kilio

Pareng Doro, rafiki yangu, haki ya Mungu, leo sitii chumvi hata punje.

Nimetoka kwa daktari wa meno. Taya halifunguki, uji tu ndio unapita. Nikamwambia nimelivunja kwa kutafuna mfupa wa bulalo, ile supu yetu ya ng'ombe!

Akabonyeza mbele ya sikio, nikaruka.

"Mzee, acha fiksi. Unakaza meno, hata usingizini. Tangu lini?"

Tangu lini! Tangu nilipoinama juu ya jeneza la mke wangu Luring. Si unajua, chozi la mume likimdondokea maiti, haendi kwa amani. Nikauma meno nisilie. Nikamweleza daktari hivyo hivyo.

"Ameshakwenda, mzee," akasema. "Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kula laini. Midomo ifunge, meno yaachane."

Nikayaachanisha.

Doro, kilio nilichomnyima Luring nimekilipa chote palepale kitini, daktari amenishikilia taya.