Makabati ya Mama Rehema

Jumamosi, 14 Juni
Uji. Dawa. Kumgeuza mke wangu upande. Kisha nikarudi jikoni na bisibisi. Leo nimeng'oa milango yote ya makabati. Bawaba zimeshika kutu. Hataki ninunue mapya. Mbao ni mninga, anasema, zitatuzika sote. Kinachomuudhi ni weusi wa moshi na mafuta. Anataka rangi ya maziwa. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema hawana tena la kufanya, na yeye anawaza makabati. Simwelewi. Nafanya tu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeosha milango kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Maji yakatoka meusi kama kahawa. Halafu msasa, mpaka vidole vikauma. Matundu nimeziba kwa unga wa mbao na gundi. Yeye kwenye kiti, amejifunika blanketi, ananionyesha kwa kidole kila niliporuka. Nikacheka. Naye akacheka, maumivu yakamshika palepale.

Jumatano, 18 Juni
Siku mbaya. Nilipaka rangi uani, upepo wa hapa Shelui ukaleta vumbi lote la barabara ya malori. Rangi mbichi ikajaa mchanga. Nikahamia sebuleni. Harufu ikamfuata chumbani, akatapika hadi akaishiwa nguvu. Nimetoa kila kitu nje. Naacha. Basi.

Alhamisi, 19 Juni
Binti yetu Rehema amefika kutoka Singida mjini. Hata shikamoo hakunipa.
"Baba, mama yuko hali hii, wewe unapaka rangi makabati?"
Mama yake ndiye aliyejibu, kutoka kitandani.
"Mwache baba yako. Nimemtuma mimi. Watu watakuja kunizika. Wanawake watafungua makabati yangu kutafuta sahani. Sitaki wakute uchafu."
Rehema akatoka nje. Mimi nikabaki nimesimama. Nina hasira na mke wangu. Siku zote hizi alijua anachokiandaa, akaniacha napiga msasa kama mjinga.

Ijumaa, 20 Juni
Hasira imeisha. Imebaki hofu.
Jirani ametuazima stoo yake, alizeti iliyokuwamo ameshauza. Hakuna upepo mle, na harufu haifiki kwetu. Nikapiga msasa upya. Rehema akaja, akanisalimia vizuri, akachukua brashi. Anapaka vizuri kuliko mimi.

Jumapili, 22 Juni
Mkono wa pili wa rangi ulikauka jana. Leo baada ya ibada nimefunga milango, bawaba mpya, vishikio vipya. Tukambeba mpaka jikoni. Mwepesi mno. Akafungua mlango mmoja, akaufunga. Akapapasa mwingine.
"Sasa sawa," akasema.
Nilitamani aone kasoro. Hata moja.

Jumatano, 25 Juni
Amefariki asubuhi. Rehema alikuwa anampaka mafuta miguuni.
Siwezi kuandika.

Jumatatu, 30 Juni
Tulizika Ijumaa. Wageni wote wameondoka. Rehema naye amepanda basi leo.
Wanawake waliyasifu makabati. Wengine walidhani ni mapya, sikuwasahihisha. Waliosha vyombo vyote wakavipanga wanavyojua wao.
Jioni nimepika mchicha. Nikatafuta chumvi. Nikafungua mlango huu, nikafungua ule. Mboga ikashika sufuria. Nimekula hivyohivyo, bila chumvi.