Kicheko Nyuma ya Kamera

Jumatatu, 2 Juni

Maji ya chumvi, kusukutua. Tangawizi. Asali. Kusukutua tena. Asubuhi zangu zimekuwa za mgonjwa, na sitaki kuitwa mgonjwa.

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa.

Mchana tumerekodi. Watu wanadhani kipindi changu cha "Bado Macho" tunakitengeneza usiku, kwa kuwa kinaonyeshwa saa tano usiku. Tunarekodi saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, na kila mgeni namwambia habari za usiku. Miaka yote hii sijazoea. Nawaaga watazamaji walale salama, natoka nje, nakuta watoto ndiyo kwanza wanatoka shule.

Sauti imenikatika mara mbili. Mara ya pili Zakayo akaangua kicheko chake, kile cha nyuma ya kamera, kinachoanzia tumboni, na watu wakadhani nimefanya makusudi. Ameniokoa tena. Kwenye karatasi yeye ni msimamizi wa studio. Kazi yake hasa ni kucheka. Sokoni watu hawaniulizi habari zangu, wananiuliza yule anayechekaga ni nani.

Daktari kasema koo lina uvimbe. Ninyamaze kabisa wiki mbili, hata kunong'ona marufuku. Halafu kazi ya kuongea niisahau, la sivyo nitabaki bubu. Wanaojua ni wawili tu. Zakayo, kwa sababu ndiye aliyenipeleka. Nuru, kwa sababu ni mwanangu. Nimewaambia wafunge midomo. Nitanyamaza siku nitakayoamua mimi.

Jumatano, 4 Juni

Mkurugenzi kaniita. Kafunga mlango, kanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua kuna msiba.

Anajua yote. Uvimbe, wiki mbili, maneno ya daktari. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nipumzike kuanzia leo. Kiti kitapata mtu mwingine. Ila anataka niwe kwenye jopo la kumchagua, pamoja na yeye na dada wa idara ya masoko, maana hakuna anayekijua kile kiti kuliko mimi.

Kumbe Jumatatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sikuaga. Nilisema tukutane wiki ijayo, kama mjinga.

Nani kasema? Zakayo haiwezekani. Ni Nuru. Ana rafiki pale ofisini, na mdomo wake hauna kitasa. Nimempigia nikamfokea kwa sauti ile ile niliyokatazwa kuitumia. Kakana. Kalia. Sikumwamini.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeanza kunyamaza. Kumbe nyumba ina kelele. Friji, jogoo wa jirani, mafundi wanaogonga mabati ya magari. Mama muuza mboga kaniamkia getini, nikampungia mkono. Keshasambaza mtaa mzima wa Sokon One kwamba Mama Nuru siku hizi anaringa.

Jioni Zakayo kaja na mkungu wa ndizi kutoka kwao Nkoaranga. Kaongea kwa niaba yetu wote wawili. Dada usihofu, kile kiti kitabaki nyumbani. Macho yanamng'aa. Sikuchukia. Kila mtu anajua kiti ni chake. Kakaa nacho jirani miaka kumi na moja. Ni baba wa ubatizo wa Nuru. Mume wangu alipofariki ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu, mimi nikiwa siwezi kusimama. Kama si yeye, nani?

Jumatatu, 9 Juni

Majaribio yameanza. Watatu, kila mmoja na siku yake, kila mmoja na mgeni wake.

Leo mchekeshaji kutoka Dar. Ana wafuasi mtandaoni kama mchanga. Kashuka na fulana. Juni! Arusha! Watu wa Dar wanadhani nchi nzima inatoka jasho. Alitetemeka mbele ya kamera mpaka tukamvika koti la mlinzi. Utani wake wote ulikuwa wa foleni na joto. Watu walimtazama kwa huruma. Alipotoka aliuliza kama huku ndiyo huwa hivi. Nikaitikia kwa kichwa. Kajitoa mwenyewe kabla ya magharibi.

Jumanne, 10 Juni

Zakayo. Suti mpya, viatu vinang'aa. Nilimpenda alivyokaa. Nilikuwa nimeshaandika "ndiyo" moyoni.

Mgeni wake alikuwa mama mmoja wa Daraja Mbili anayekodisha maturubai. Anasimulia siku mume wake alipofariki. Maturubai yake yote yalikuwa harusini Usa River. Yeye, mwenye maturubai, akapokea waombolezaji kwenye mvua, wamejifunika magunia.

Zakayo akacheka.

Kile kicheko. Kikubwa. Yule mama akasita, akavuta khanga yake begani. Kuanzia hapo akawa wa "ndiyo" na "hapana" mpaka mwisho.

Hakucheka kwa ubaya. Namjua. Alisikia mtu anayumba, akataka kumwokoa, kama anavyoniokoa mimi. Yule mama hakutaka kuokolewa. Alitaka kumaliza alichokuwa anasema.

Baadaye Zakayo aliniinulia dole gumba kutoka mbali. Nami nikamwinulia. Nimejichukia njia nzima.

Jumatano, 11 Juni

Naserian. Msichana wa Kisongo, Mwarusha, anaongoza sherehe za harusi na za kuwaaga mabinti. Dada wa masoko alimwona kwenye harusi akamleta. Kaja na shuka begani, kanisalimia shikamoo mama, kainamisha kichwa nimguse kama wafanyavyo kwao. Mkono wangu ulikuwa baridi. Nilikuwa nimekuja kumkataa.

Mgeni wake: mzee aliyebeba mizigo ya watalii Mlima Meru maisha yake yote. Akamuuliza, baba, kitu gani hukuwahi kukifikisha kileleni?

Mzee kimya. Kimya kikaenda. Mtu wa kamera akawa anapunga mikono, jaza, jaza. Nyuma yake Zakayo, ambaye leo karudi kwenye kazi yake, nikamwona anafungua kinywa. Yule binti akainua kiganja kidogo tu, chini ya meza, bila hata kumtazama. Zakayo akafunga.

Mzee akasema, mke wangu. Aliniomba kila mwaka, nikamwambia mwakani. Sasa magoti yamemkatalia. Kisha: akiutazama mlima dirishani, mimi natoka kwenda kumwagilia migomba hata kama mvua inanyesha.

Hapo ndipo Naserian alipogeuka akamtazama Zakayo. Zakayo akacheka. Studio nzima ikafuata, na mzee mwenyewe akafuta machozi huku anacheka.

Mimi miaka kumi na moja sikuwahi kumtazama Zakayo namna hiyo. Kicheko kilikuja chenyewe, nikakipokea. Huyu alikiita.

Niliona wivu. Wivu kabisa, wa tumboni.

Alhamisi, 12 Juni

Jopo. Mkurugenzi anamtaka Zakayo. Mtu wetu, watu wamezoea kicheko chake, na binti ana lafudhi ya Kimaasai. Kama vile sisi Wachaga hatuna yetu. Dada wa masoko anamtaka Naserian. Wote wakanigeukia mimi bubu. Nikaandika kwenye karatasi: wiki moja.

Zakayo alikuwa kwenye korido. Hakuuliza. Alinibebea mkoba mpaka kwenye gari.

Ijumaa, 13 Juni

Nikimpa, kipindi kitakufa na yeye atafia ndani yake, mbele ya watu. Nisipompa, nimempoteza.

Sili vizuri. Nuru hajanipigia tangu nimfokee. Sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Zakayo kaja asubuhi. Kasimama mlangoni, hakuingia kama siku zote. Mkononi ana jani la isale, limepigwa fundo.

Damu ilinipanda. Sisi watu wa milimani, Wachaga kwa Wameru, tunajua isale ni la nini, na tunajua halikataliwi. Mtu akikuletea, hata kama kakuchomea nyumba, unapokea na kusamehe. Nikafikiri amekuja kunifunga mikono, amelileta jani la wazee liombe kura. Nilitaka kupiga kelele. Sina sauti.

Akapiga goti pale kizingitini, mtu mzima, na suruali nzuri.

"Dada, ni mimi niliyemwambia bosi habari za koo lako. Si Nuru."

Nikashika fremu ya mlango.

"Nusu nilikuonea huruma, maana ungeongea mpaka ufe. Nusu nilikitamani kiti. Nimejaribu kuzitenganisha hizo nusu, nimeshindwa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema hivyo moyoni, mara nyingi. Nilimtazama utosi wake, mvi zimeanza. Nilitaka kumfungia mlango. Kama ningekuwa na sauti leo ningesema maneno ambayo isale lenyewe lisingeyaponya. Labda ndiyo maana Mungu kanifunga koo.

Hakutaja kura. Nilisubiri aitaje. Hakuitaja.

Nikapokea jani. Nikamwinua. Nikampikia chai, tukanywa, hakuna aliyesema kitu, maana mmoja hawezi na mwingine hathubutu. Nimeliweka kwenye glasi ya maji pembeni ya runinga. Bado nina hasira. Nimesamehe na nina hasira. Sikujua vinakaa chumba kimoja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nilisimama kwenye kwaya nikafungua mdomo bila sauti, kama samaki. Mchungaji kahubiri mambo ya ulimi. Nikaona kama ananisema.

Baada ya ibada nikaenda kwa Nuru. Nikamwandikia kwenye simu: nisamehe, hukuwa wewe. Akaniuliza alikuwa nani. Nikatikisa kichwa. Asijue. Ni baba yake wa ubatizo. Akanikumbatia, akaniambia mama ukinyamaza unakuwa mzuri. Mshenzi huyu.

Jumatano, 18 Juni

Nimegundua jambo la kuniogopesha. Sasa naweza kumnyima kiti Zakayo na kila mtu akaona ni haki, hata yeye mwenyewe. Atadhani namlipizia. Na mimi nitajuaje kama silipizi?

Nimejiuliza hivi: kama asingekuja na isale, ningemchagua nani? Jibu lilikuwepo tangu Jumatano ile, chini ya meza, kwenye kile kiganja.

Alhamisi, 19 Juni

Daktari kaniruhusu maneno machache. Machache, mama, kasisitiza.

La kwanza nilikuwa nimemwekea Zakayo. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine, wala alisome. Nilimkuta nje ya studio anakunja waya kabla ya kikao. Sauti ilitoka kama mlango wa zizi.

"Zaka. Ni Naserian. Na siyo kwa sababu ya lile jambo."

Akaendelea kukunja waya mpaka ukaisha. Akauning'iniza mahali pake. Akasema, "Haya, dada." Akaondoka kwa miguu, gari lake kaliacha pale.

Nikaingia kwenye kikao nikalitaja jina. Mkurugenzi kakubali kwa shingo upande. Dada wa masoko kapiga makofi. Nilitamani kumwambia anyamaze.

Jumatatu, 23 Juni

Zakayo kaomba likizo. Simu hapokei. Nimempigia asubuhi, mchana, jioni. Halafu nikajiona mjinga, hata akipokea nina maneno mangapi?

Nimemkumbuka. Hilo tu.

Ijumaa, 27 Juni

Naserian kaja kunisalimia. Anaogopa. Sikuwa na la kumfundisha, nikamwambia avae sweta.

Wakati wa kuondoka kaniambia jana alipanda Nkoaranga kwa Zakayo. Sikumtuma. Kamkuta anamkatia ng'ombe majani. Hakumwomba kurudi. Alimwambia tu kwamba pale studioni hajui pa kugeuza uso wake. Zakayo hakusema ndiyo wala hapana. Kampa ndizi abebe.

Nikacheka, kikohozi kikanishika.

Jumatatu, 30 Juni

Leo mlima umefunguka, mweupe kidogo kileleni. Nimefua, nimepika ngararimo, chakula cha kwetu Uchagani. Nuru alitaka kuja kutazama pamoja nami, nikamkatalia.

Saa tano kasoro nilikuwa kwenye kochi na kitenge miguuni. Mwanamke aliyewaambia watu wa Arusha "bado macho" miaka kumi na moja, nikasinzia kabla ya matangazo ya biashara kwisha. Sikusikia Naserian alivyofungua. Sikumwona mgeni.

Kilichoniamsha ni kicheko cha Zakayo.

Nilishtuka, mkono ukaenda kolani kutafuta kipaza sauti. Nilidhani zamu ni yangu na nimesahau swali. Kulikuwa na kola tu. Kwenye runinga Naserian alikuwa amegeuza uso pembeni, kule nyuma ya kamera, anatabasamu, anasubiri kicheko kiishe. Kilikuwa kirefu. Nilikisikiliza chote.

Mwishoni akawaaga watu. Nikaaga naye, kwa sauti, peke yangu sebuleni. Usiku mwema. Nje palikuwa na giza kweli.